Theluthi ya wanafunzi wana sonona? Anzia kwenye dodoso

Swali: Naandika tasnifu ya uzamili ya afya ya jamii. Nimepata mapitio ya kimfumo yaliyounganisha tafiti 40 na kuhitimisha kwamba theluthi ya wanafunzi wa udaktari wana sonona. Yamefuata PRISMA mwanzo hadi mwisho, lakini msimamizi wangu anasema nisiyategemee. Kasoro yaweza kuwa wapi?

Jibu: PRISMA ni mwongozo wa kuandika ripoti. Vipengele vyake 27 vinamtaka mwandishi aeleze alichofanya, basi. Unaweza kueleza kwa uaminifu kabisa kazi mbovu na bado ukatimiza vyote. AMSTAR 2 ya mwaka 2017 ndiyo hupima ubora wa mapitio, ila ilitungwa kwa mapitio ya tafiti za tiba, na baadhi ya maswali yake 16 hayaingii vizuri kwenye mapitio ya ukubwa wa ugonjwa.

Mimi huyaacha hayo kwanza, naenda kwenye jedwali la sifa za tafiti kutafuta jambo moja: sonona ilipimwaje? Mara nyingi utakuta PHQ-9, yaani maswali 9, alama 0 hadi 27, na anayefikia 10 anahesabiwa mgonjwa. Lakini dodoso hilo la uchunguzi wa awali linaonyesha nani aitwe kwa mahojiano ya kitabibu. Utambuzi wa ugonjwa unafanyika kwenye mahojiano yenyewe.

Piga hesabu uone. Chukua wanafunzi 1,000, na tuseme 100 kati yao wana sonona kweli. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa 2019 ulikuta kwamba kwa kikomo cha alama 10, PHQ-9 hunasa asilimia 88 ya wagonjwa na kuwaacha huru asilimia 85 ya wasio wagonjwa. Utapata wagonjwa 88, pamoja na watu 135 wasio na sonona waliovuka kikomo. Jumla 223. Asilimia 10 imeshakuwa 22, na hakuna aliyedanganya! Si nadharia tu: watafiti haohao mwaka 2020 walilinganisha PHQ-9 na SCID, yaani mahojiano ya kitabibu yenye mpangilio maalumu, kwa watu walewale, wakapata asilimia 24.6 kwa dodoso na 12.1 kwa mahojiano.

Ukiunganisha tafiti 40 za namna hiyo, kosa halipungui. Sampuli kubwa hupunguza bahati nasibu, haigusi upendeleo unaoelekea upande mmoja. Unachopata ni kosa lilelile lenye kipimo chembamba cha uhakika (umbali mdogo kati ya makadirio ya chini na ya juu), na ndiyo maana linashawishi. Mapitio ya 2015 kuhusu madaktari walio mafunzoni yalitoa wastani wa asilimia 28.8, lakini kutegemea chombo kilichotumika, kiwango kilitoka 20.9 hadi 43.2. Nayasifu kwa kuonyesha mtawanyiko huo. Wengi huuficha kwenye viambatisho.

Ukikuta I mraba, kipimo cha jinsi matokeo ya tafiti yanavyotofautiana zaidi ya bahati nasibu, ni asilimia 98, usishtuke sana. Tafiti zenye washiriki wengi huipandisha hata zikitofautiana kidogo. Dai kipimo cha utabiri, kinachoonyesha utafiti mwingine unaofanana ungeweza kutoa kiwango gani. Kikitoka asilimia 8 hadi 60, wastani wa 33 haukusaidii kupanga lolote.

Halafu washiriki walipatikanaje? Kiungo kilichosambazwa WhatsApp hujazwa na anayetaka, na aliyezidiwa huenda asikifungue kabisa, au awe wa kwanza kukifungua. Orodha ya taasisi ya JBI ya kukagua ubora wa tafiti za ukubwa wa tatizo, maswali 9, inauliza mambo hayo. Tazama kama waandishi waliitumia, na kama matokeo yake yalibadilisha chochote kwenye uchambuzi. Kwa kawaida alama zinatolewa kisha tafiti dhaifu na imara zinachanganywa vilevile.

Si lazima uyatupe mapitio yako. Kama tafiti zake zilitumia PHQ-9, andika: "theluthi ya waliojaza dodoso walipata alama 10 au zaidi." Msimamizi hatakuwa na la kupinga. Na kama tasnifu yako inakusanya data mpya, tenga bajeti ya kuwahoji kitabibu angalau sehemu ya washiriki, wakiwemo waliopata alama za chini.