Barua kwa Mwanangu Anayetaka Kulima Pitaya

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia na nimeisoma kwa makini. Unaniuliza kama ni busara kuitoa ekari yako yote kwa kilimo cha pitaya, lile tunda ambalo wengi huliita dragon fruit, kwa kuwa muuza miche amekuhakikishia kwamba mmea huo ni kaktasi, hautaki maji wala uangalizi, na kwamba fedha zako zitarudi kabla mwaka haujaisha. Jibu langu ni kwamba upande, lakini usipande ekari nzima kwa mara moja, na hayo maneno ya muuza miche uyaache hapo hapo alipoyasemea.

Si kila kaktasi ni mmea wa jangwani. Pitaya asili yake ni misitu ya Meksiko, Amerika ya Kati na kaskazini mwa Amerika Kusini, ambako huota chini ya miti mikubwa, kisha hujishikiza kwenye magome kwa mizizi inayochomoza ubavuni mwa shina, ikapanda taratibu kuufuata mwanga. Ukilishika jambo hilo moja, mengi utakayotakiwa kuyafanya shambani hutahitaji kuyakariri. Ni kweli kwamba shina lake nene huhifadhi maji, na kwamba hufungua vitundu vyake vya kupumulia usiku badala ya mchana ili jua lisiunyang'anye unyevu, na kwa hiyo mmea hautakufa upesi ukiusahau wakati wa kiangazi. Lakini wewe hulimi ili mmea usife. Unalima ili uzae, na mpitaya uliokaushwa hupukutisha matumba na kuzaa matunda madogo.

Mizizi yake hukaa karibu sana na uso wa ardhi, mingi ikiwa ndani ya sentimita 40 za juu, kama inavyokuwa kwenye mboji ya msituni. Kwa sababu hiyo jembe lisikaribie shina, na magugu yang'olewe kwa mkono au yazuiwe kwa matandazo mazito ya majani makavu, ambayo yasigusane na shina lenyewe. Maji uyatoe kidogo kidogo na mara kwa mara, na umwagiliaji wa matone ndio unaoufaa zaidi mmea huu. Ukiuacha ukauke wiki kadhaa kisha ukaumwagia maji mengi kwa pupa wakati matunda yanaiva, matunda yatapasuka. Maji yakituama, mizizi huoza, kwa hiyo mahali penye udongo mzito utalazimika kuinua matuta. Samadi iliyooza vizuri uiweke kwa vipimo vidogo mara nyingi kwa mwaka. Usiifurahie mbolea ya nitrojeni kupita kiasi, kwani itakupa mashina mabichi, laini na mazuri kwa macho, ambayo huoza haraka na hayana hamu ya kutoa maua.

Sasa nije kwenye nguzo, ambazo naona hukuzitaja hata kidogo katika hesabu yako. Mpitaya hauwezi kujisimamisha. Pale msituni hubebwa na mti, na shambani mti huo utaujenga wewe. Nguzo ya zege yenye urefu wa mita 2.2 hivi, ikizikwa kiasi cha sentimita 50 hadi 60, huacha juu kimo ambacho mtu mzima anakifikia bila ngazi. Juu yake huwekwa fremu imara au tairi kuukuu la kuegemeza matawi, na chini yake hupandwa miche mitatu au minne. Kichaka kilichokomaa juu ya nguzo moja huweza kupita kilo 100, tena kikilowa mvua na kupigwa na upepo uzito huo huyumba. Watu wengi hutumia miti ya kawaida kwa sababu ni rahisi kuipata, lakini mmea huu ukitunzwa huishi miaka 20 na zaidi, ilhali mti uliozikwa ardhini huoza mapema zaidi, na kubadilisha nguzo iliyokwisha kukumbatiwa na mizizi ya mmea ni kazi ambayo sikutakii.

Fanya hesabu pamoja nami. Ekari moja ni takriban mita za mraba 4,047. Ukiweka nguzo kila baada ya mita 3 kwa mita 3, unapata nafasi ya nguzo karibu 450, nazo zinahitaji vipandikizi, yaani vipande vya shina vya kupanda, kama 1,800, vinne kwa kila nguzo. Hiyo ndiyo sababu ninakusihi uanze na nguzo 30. Vipandikizi utakavyovihitaji baadaye utavikata mwenyewe kutoka kwenye mimea yako, utakayokuwa umekwisha kuijua tabia yake, badala ya kununua miche 1,800 kwa mtu unayemwamini kwa maneno tu.

Usipande mbegu, kwa maana itakuchukua miaka mingi bila tunda na bila uhakika wa tunda lenyewe. Chukua kipande cha shina lililokomaa chenye sentimita 30 hadi 50, kiache kivulini kwa takriban wiki moja mpaka kidonda kikauke na kuwa kigumu, ndipo ukifukie kidogo tu, upande uliokuwa chini ukiwa chini. Kifunge kwenye nguzo kwa kamba laini, na kila chipukizi litakalotoka pembeni ulikate, isipokuwa shina moja linaloelekea juu. Likifika kwenye fremu, likate ncha. Hapo ndipo litakapotoa matawi mengi yanayoning'inia kuelekea chini, na matawi hayo yaliyoinama ndiyo yanayozaa. Mahali penye jua kali sana, joto likipita nyuzi 38 hivi, mashina hugeuka manjano na kuungua, kwa hiyo chandarua chepesi cha kivuli hufaa, ingawa kivuli kizito hukunyima maua.

Kuhusu aina, uliniuliza ile iliyo bora. Kuna yenye ganda jekundu na nyama nyeupe, kuna yenye ganda jekundu na nyama nyekundu, na kuna yenye ganda la manjano lenye miiba. Hiyo ya manjano kwangu mimi ndiyo tamu kuliko zote, lakini tunda lake hukawia miezi kadhaa kuiva, ilhali yale mekundu huiva siku 30 hadi 40 hivi baada ya ua kuchavushwa, tena miiba ya hilo la manjano lazima ipanguswe kabla tunda halijafika kwa mnunuzi. Kwa mtu anayeanza, nisingeishauri. Jambo zito zaidi kuliko rangi ni kama mmea wenyewe unaweza kujichavusha. Aina nyingi zenye nyama nyeupe zinaweza kupokea chavua yake yenyewe, lakini nyingi zenye nyama nyekundu huikataa, na kumbuka kwamba vipandikizi vyote vilivyotoka kwenye mmea mmoja ni mmea ule ule mmoja, hata vikijaza shamba zima. Mtu anaweza kuwa na nguzo 450 zinazochanua kwa fahari na asivune kitu, si kwa sababu ya ugonjwa wala ukame, bali kwa sababu hakuwa na mmea wa pili wa ukoo tofauti. Basi katika nguzo zako 30, hakikisha kuna aina mbili au tatu tofauti zinazochanua kwa wakati mmoja, kila moja ikiwa na kibao chake, na usichanganye vibao.

Ua la pitaya hufunguka usiku mmoja tu. Ni kubwa, jeupe, lenye urefu wa karibu sentimita 30, na kufikia asubuhi jua likipanda limekwisha kunyauka. Kwao huchavushwa na popo na nondo wakubwa, na nyuki hubahatisha saa za alfajiri kabla halijafumba. Shambani kwako wageni hao wanaweza wasitoshe, na hapo utakuwa wewe mwenye tochi na brashi laini. Unakung'uta ule unga wa manjano kwenye nyuzi za ua la aina moja, unauweka katika kikombe kikavu, kisha unaupaka kwenye ncha ya katikati ya ua la aina nyingine, ile iliyogawanyika kama vidole. Usipake kwa haraka wala kwa uchoyo, maana chavua nyingi huleta mbegu nyingi, na ukubwa wa tunda hufuata wingi wa mbegu zake. Unga uliokaushwa vizuri unaweza kutunzwa siku kadhaa kwenye friji, jambo linalosaidia aina zako zisipochanua pamoja. Mvua ikinyesha usiku huo, chavua huharibika.

Nimelirefusha jambo hili kwa makusudi, kwa sababu maua hayatoki moja moja kila siku. Hutoka kwa mikupuo, mara kadhaa katika msimu. Ikiwa nguzo 450 zitachanua maua 10 kila moja, hayo ni maua 4,500 yanayokusubiri kati ya giza kuingia na jua kuchomoza. Je, nani atakuwa shambani nawe? Muuza miche hakukuambia hilo, na wewe una kazi nyingine mjini.

Magonjwa sitayaandika yote. Linalonitia hofu kuliko mengine ni la kuvu iitwayo Neoscytalidium dimidiatum, inayoanza kwa vidoa vya duara shinani, kisha vikawa vidonda vya kahawia na kuoza. Husafiri kwa vipandikizi vyenye ugonjwa, kwa visu visivyosafishwa na kwa matone ya mvua. Usipokee kipandikizi chenye doa hata ukipewa bure, usipogoe siku za mvua, na kata na kuteketeza kila tawi linaloumwa. Ndege na inzi wa matunda huzuiwa kwa kuyavika matunda mifuko, nao konokono utawaona ukipita usiku.

Matunda machache unaweza kuyaona katika mwaka wa pili, lakini mzao kamili usiutegemee kabla ya mwaka wa nne au wa tano, kwa hiyo ahadi ya mwaka mmoja haina msingi. Tunda la pitaya likishachumwa haliendelei kuiva wala kuongeza utamu, na kwa hiyo ukilichuma mapema ili liwahi soko, utakuwa umeuza ganda zuri lisilo na ladha. Subiri ganda ligeuke rangi lote, kisha uongeze siku chache. Lisipite sana, kwani litapasuka. Likate kwa mkasi pamoja na kipande kidogo cha shina, usilivute. Katika ubaridi wa nyuzi 10 hivi litakaa kama wiki mbili. Magamba yake ya kijani huanza kunyauka mapema zaidi, na mnunuzi huyatazama hayo kwanza. Ulizia mnunuzi kabla ya kununua saruji.

Zile picha ulizonitumia za mashamba ya Vietnam yanayong'aa kwa taa usiku ni za kweli. Mpitaya huchanua mchana unapokuwa mrefu, na taa huukatiza usiku mrefu ili mmea utoe maua nje ya msimu. Ni maarifa mazuri, lakini yana gharama ya umeme, na ni ya mtu ambaye msimu wa kawaida umekwisha kumtii. Kwa sasa usinunue taa.

Kabla hujamlipa mtu yeyote, chimba shimo la nusu mita mahali unapotaka kuanzia, lijaze maji, na utazame kama kesho yake bado yamo. Niandikie ulichokiona, na uniambie pia maji ya kumwagilia utayatoa wapi miezi ya kiangazi, ndipo tupange mahali pa nguzo ya kwanza.

Nakuombea afya njema.

Mama yako