Masaa 4 ya foleni kila siku
Pole dada unayeuliza utasomaje njiani, masaa 2 kwenye basi Mbagala mpaka Posta hapa Dar na 2 kurudi halafu una mtihani wa uhasibu, nakuelewa kabisa, mi nimepiga ruti hiyo miaka 3. Kusoma kwenye simu nilijaribu, kichefuchefu tupu, kwa hiyo nikaanza kujirekodi, usiku nasoma noti kwa sauti dakika 20, asubuhi nasikiliza, hedifoni sikio moja tu ili nimsikie konda. Ukikosa siti rudia kichwani noti za jana. Simu iwe ndani ya mkoba, mkoba kifuani, dirishani wanakwapua. Jioni we lala tu. Ila kama usingizi unakusumbua hata ukiwa kazini, nenda hospitali kapime damu, usipuuzie.