Dar au Nairobi kwa mwenye familia?

Mkuu, umeuliza kwa mwenye mke na watoto wawili kipi bora, abaki Dar au aifuate kazi Nairobi. Nimeishi kote, na kwangu kodi ya nyumba ndo inaamua. Dar mwenye nyumba anataka miezi sita au mwaka mzima mkononi hujaingiza hata godoro, Nairobi unalipa kila mwezi na dipoziti juu, ila ukichelewa tu unakuta kufuli la mwenye nyumba juu ya lako, yalinikuta Kayole usiku mtoto kalala begani, sitasahau.

Msosi Dar ni nafuu jamani, vitunguu na machungwa mengi unayonunua Marikiti, lile soko la Nairobi, yanatoka huku huku kwetu Tanzania. Mshahara Kenya uko juu lakini makato nayo, bima ya afya pekee ya SHIF inakata asilimia 2.75 tangu Oktoba 2024. Shule, sekondari za serikali huku ada ilifutwa 2016 mpaka fomu foo, fomu faivu na siksi 2022.

Kama kampuni haikulipii nyumba tangulia mwenyewe miezi mitatu, familia ibaki kwanza.