Mtoto kazaliwa na weupe kwenye jicho, eti nilimcheka mtu?

SWALI: Shikamoo shangazi. Niko Igombe hapa Mwanza, nina mtoto wa wiki sita. Mimba ikiwa na miezi miwili nilipata kahoma na vipele, siku tatu vikaisha nikarudi kuanika dagaa. Sasa mtoto kazaliwa kichwa kidogo na mboni moja ina weupe. Mama mkwe anasema nilimcheka mlemavu nikiwa mjamzito. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera ya mtoto. Hilo la kucheka litoe kabisa kichwani, hakuna mtoto anayeharibika kwa kicheko cha mama yake. Kwa ulivyoeleza nawaza rubela, kirusi cha kuambukizana kwa hewa, kwa mtu mzima kinapita na vipele vya siku tatu wala hushtuki, ila kikikukuta wiki 12 za mwanzo kinapenya kondo kinamfikia mtoto wakati ndo macho, masikio, moyo na ubongo vinajengwa. Huo weupe ni kama mtoto wa jicho, na daktari Norman Gregg wa Australia aliuona mwaka 1941 kwa vichanga ambao mama zao waliugua hivyohivyo. Zika, kirusi cha mbu, nayo inaleta kichwa kidogo, ila vipimo ndo vitasema.

Sasa usisubiri akue kwanza, nenda hospitali ya Bugando wiki hii hii! Weupe ukiziba mwanga miezi hii ya mwanzo ubongo haujifunzi kuona, hata ukija kutolewa baadaye jicho linaweza kubaki hafifu. Beba kadi ya kliniki, taja mwezi uliotokwa vipele, na uombe wapime masikio na moyo pia, maana kichanga asiyesikia ananyonya na kulala kama wenzie, kwa kumwangalia tu humjui.

Kuna kitu akina mama wengi hawaambiwi. Mtoto aliyezaliwa na rubela anaweza kutoa kirusi kwenye mate na mkojo hata mwaka mzima, kwa hiyo kama kuna wifi au jirani ana mimba, asimbebe wala kumbadilisha nepi mpaka daktari aseme. Chanjo ya surua-rubela ipo Tanzania tangu 2014, watoto wanachomwa miezi 9 na 18, wa kwenu wasikose. Wewe mkumbatie mwanao.

Na mama mkwe nenda naye, amuulize daktari mwenyewe.