Mjomba, London ni saa ngapi kutoka Wete?

Mtoto wa dada yangu kaniuliza kwenye kundi la familia: "Mjomba, hiyo London iko mbali kiasi gani? Jirani yetu wa Maskati anakuja kila mwaka, wewe tunakuona kwenye simu tu." Wengine wakaweka vicheko. Basi nikujibu bila kupambapamba.

Maskati, mwanangu, ni mlango wa pili. Kutoka Unguja ni kama kilomita 3,900, ndege moja, saa tano na kidogo. Majahazi yalikuwa yakija kwa kaskazi na kurudi kwa kusi kabla babu yangu hajazaliwa. London ukipiga mstari kwenye ramani ni kilomita 7,400 hivi, ila ndege yangu haifuati mstari. Hunipeleka kwanza Doha, karibu saa saba, nikae hapo saa nne au tano nikitazama mkate wenye bei ya kuku mzima, kisha saa sita nyingine mpaka Kisauni, uwanja wa ndege wa Unguja. Kwa kupindia huko safari inafika kama kilomita 9,000.

Na Kisauni si Wete, kwetu Pemba. Bado boti mpaka bandari ya Mkoani, bado gari ya Chake, bado daladala ya 606 mpaka Wete. Tangu nifunge mlango wangu mpaka nibishe hodi kwenu, sijawahi kutumia chini ya siku moja na nusu.

Mama alipofariki, simu ililia huku saa nane ya usiku. Kwenu ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, maana majira ya baridi mnatutangulia saa tatu. Tiketi ya leo kwa leo niliipata kwa bei iliyonimaliza, ndege ya saa tisa mchana. Maziko yalikuwa baada ya adhuhuri. Kaka alipofungua simu nisikie talkini, huku ilikuwa asubuhi bado, nami nimepiga magoti natafuta pasi ya kusafiria chini ya kitanda. Nikaipata, nikabaki hapo hapo chini mpaka shehe wa msikiti akamaliza kusoma na watu wakaanza kuondoka. Nilisikia majembe.

Siku ya pili nikashuka Unguja. Ndege ndogo ya Pemba imejaa, nikalala mjini, asubuhi nikapanda boti. Nilifika Wete hitima inasomwa. Kuna mtu (namjua, naye anajijua) alisema wa Ulaya huja wakati wa pilau. Sikumjibu siku ile.

Sasa kwa nini siji kila mwaka? Likizo yangu ni siku 28, na bosi anahesabu humo humo sikukuu za serikali. Siku tatu au nne zinaliwa na njia. Nauli peke yake inakula sehemu kubwa ya mshahara wa mwezi, nami nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee, siuzi mafuta. Wa Maskati akipata wiki moja anakuja. Mimi wiki moja hainitoshi hata usingizi kurudi sawa.

Mwezi wa saba nakuja, inshallah. Nipokeeni Mkoani, msiende uwanjani Chake, maana nina masanduku mawili ya kilo 23 na ndege ndogo haiyataki. Viatu vyako namba 42 nimeshanunua. Ile simu uliyoniandikia, hapana.