Mama anasema ni pepo na Jumamosi analeta pasta

Mwanangu wa Nakuru, barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema wewe ni msichana wa miaka 23, mwaka jana daktari alikwambia una usonji (autism), na juzi mamako akashika simu yako akakuta meseji zenu na msichana mpenzi wako, sasa anasema yote mawili ni pepo moja na Jumamosi analeta pasta akuombee, na wewe unaniuliza utamfanyaje aelewe kabla ya hiyo siku.

Hataelewa kabla ya Jumamosi. Nakwambia wazi juu umesema mafumbo huwa yanakuchanganya. Umeandika mtu akikugusa kichwa ghafla unahisi ngozi inaungua na maneno yanakwama, sasa wakikuwekea mikono watu watano halafu uanze kulia na kujitikisa si watasema pepo limejitokeza, na maombi yataendelea mpaka usiku. Kwa hivyo usiwepo. Nenda kwa huyo mama mdogo wako uliyemtaja tangu Ijumaa, mwambie nyumbani kuna wageni na kelele huwezi, na hapo hujamdanganya. Beba kitambulisho, vyeti, chaja na hedifoni zako. Badilisha pin ya simu leo, na msichana wako pia abadilishe yake.

Halafu haya mambo mawili usimwambie pamoja. Anza na usonji, maana hapo mamako ana kumbukumbu zake mwenyewe, yeye ndiye alipigana na wewe kila asubuhi ukikataa sweta ya shule. Usijaribu kumwelezea mkiwa mmekasirikiana, mwandikie meseji fupi akiwa kazini, kitu kama: mama, redio ikiwa juu na wewe unaniita sisikii maneno, nasikia kelele tu, nikinyamaza si madharau. Jambo moja tu. Wiki ijayo lingine.

La kupenda wasichana liache kwanza. Usilikane, usilibishanie. Akianza, mwambie mama leo sitaongea hiyo, kisha utoke chumbani. Najua inauma sana kuishi hivyo na mzazi wako, na sikwambii uvumilie milele, nakwambia hadi upate kazi na chumba chako. Hiyo ya kwamba usonji umekuharibu akili ndio ukapenda wasichana, usiibebe. Watafiti wamekuta watu wenye usonji ambao ni kwia, yaani kama wewe unayependa jinsia yako, ni wengi kuliko ilivyo kwa watu wengine, na Shirika la Afya Duniani lilitoa kupenda jinsia yako kwenye orodha ya magonjwa tangu 1990. Hayo ni yako ya kujishikilia, usiyapeleke kwa mamako kama hoja, yeye saa hii ana hofu na aibu ya kanisa.

Akikutishia polisi, usikiri kitu na usiandike kitu. Sheria yetu ya Kenya, kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, ni mbaya na inaadhibu tendo la ngono, lakini haisemi kuwa kwia ni kosa. NGLHRC, shirika la kutetea haki za watu kwia kule Nairobi, wanasaidia na mawakili, ndio hao Mahakama ya Upeo ilisema 2023 wana haki ya kusajiliwa, na unaweza kuwaandikia tu kama kuongea kwa simu kunakushinda.

Jumapili nitumie meseji, hata neno moja, nijue umelala salama.