Unataka kufanya kipindi cha mizimu? Kamera sio shida yako

Kuna kijana kaniandikia inbox wiki hii, anataka kuanzisha kipindi cha TV cha mambo ya ajabu ya huku kwetu, majini, magofu, mapango, anauliza anunue kamera gani. Mdogo wangu, hata simu inatosha. Kilichokupungukia ni wazee.

Mimi nilianzia Mapango ya Amboni, Tanga, kama kilomita 8 toka mjini. Kila mtu Tanga ana stori yake, mara kuna njia inatokea Mombasa, mara mbwa wa wazungu aliingia huku akaibukia Kilimanjaro. Wengi wanaishia hapo, mziki wa kutisha, tochi inazimwa, kwisha. Mimi nikachimba. Mwaka 1994 Wajerumani na Waturuki waliyapima, wakapata mapango 10, na refu kuliko yote ni mita 900, yaani hata kilomita haifiki! Sasa hiyo njia ya Mombasa ilitoka wapi? Nikakaa na wazee, ndo wakanitajia Osale Otango na Paulo Hamisi, wale waliokuwa wanajificha mle miaka ya 1950 wakisakwa na polisi wa mkoloni, kuna wanaowaita majambazi na kuna wanaowaita wapigania uhuru, inategemea umekaa kibaraza gani. Hebu fikiria, polisi wanamsaka mtu pangoni wanatoka mikono mitupu, watu watasema nini kama sio kwamba kuna mlango upande wa pili? Hayo ni mawazo yangu, lakini kipindi changu nilikijenga juu ya hilo.

Nikakipeleka kituo kimoja cha TV, sikitaji. Wakaniambia kizuri, ila toa hao wazee, weka mayowe. Nikagoma. Baadae nawasha TV naona kipindi chao, pango lile lile, mayowe yamejaa, mzee hata mmoja hamna. Iliniuma na bado inaniuma, ila nikipita Tanga watu wananisimamisha kwa kile changu, sio chao.

Kwahiyo wazee kwanza. Usifike tu ukauliza babu jini liko wapi, toa shikamoo, kaa chini, uliza nani alikuwa anaishi hapa, nani alikuwa mkubwa wao, waligombana na nani. Jini litakuja lenyewe kwenye maongezi. Na pale Mzimu wa Mabavu, sehemu ya matambiko humo humo Amboni, watu wanakuja kuomba mpaka leo, wengine wanatafuta mtoto, wewe unamuwashia mtu kamera usoni na shida zake zile? Vijana mnapenda views mpaka mnasahau mmelelewa. Hao mnaowacheka na ubani wao ndo wametunza hizi habari, bila wao ungekuwa unarekodi mawe tu. Wazee kwanza, narudia.

Halafu mkataba jamani, mkataba. Usiwapelekee watu wa TV hata dakika moja ya video kabla hawajasaini. Watakwambia ah sisi si ndugu bwana, mwambie sawa ndugu yangu, kalamu hii hapa.